Mzigo wa Masikio Manne

Severine Kavishe alikutwa kwenye kiti chake mwenyewe, nyuma ya meza yake mwenyewe, ndani ya stoo yake ya vitenge pale Mchafukoge, kichwa kimelalia bega kama mtu aliyepitiwa na usingizi akisubiri chai. Macho ndiyo yaliyokataa uongo huo. Yalikuwa wazi, mekundu, yametoka.

Inspekta Klara Haule aliinama akatazama shingo. Alama ilizunguka kutoka kooni hadi kisogoni, imechimba nyama, na ndani yake mlikuwa na vimistari vya mshazari.

"Kamba ya kusokotwa," alisema mtaalamu wa eneo la tukio, glavu mikononi. "Na hizi hapa ni nyuzi za bluu. Amekabwa kutoka nyuma. Mwili umeshakakamaa wote, kwa hiyo ni jana jioni."

"Kamba yenyewe?"

"Haipo, afande. Pale chini kuna mafungu matatu ya kamba ya bluu, mapya, hayajafunguliwa. Iliyomuua sijaiona."

Klara alinyanyuka. Marobota ya vitenge yalipanda hadi darini. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kufungia mizigo, tupu. Kwenye ukuta wa nyuma ya meza mtu alikuwa amechora vijistari kwa kalamu ya maka, vitanovitano, safu kwa safu. Juu yake pakaandikwa kwa herufi kubwa: MASIKIO MAWILI TU. KAMBA NI PESA. ANAYEZIDISHA ATAKATWA.

"Atakatwa nini?" aliuliza Koplo Uledi. Alikuwa amekalia mzigo mmoja ulioshonwa, hapo hapo mlangoni, daftari juu ya goti.

"Mshahara," alijibu Violeth.

Violeth ndiye muuzaji wa duka, na ndiye aliyeukuta mwili saa moja asubuhi alipokuja kufungua. Alisimama nje ya kizingiti, mtandio mdomoni, hataki kuingia tena.

"Mzigo ukishonwa ndani ya kiroba," alieleza, "pembe zinakusanywa zinafungwa kamba, zinakuwa masikio. Kuli anapata pa kushika. Bosi alitaka masikio mawili tu, ya juu. Ukiweka na ya chini anakukata, anasema unampotezea kamba."

"Na kuli anashika wapi kwa chini?"

"Kuli anajijua."

Klara alifungua droo kwa ufunguo uliotolewa mfukoni mwa marehemu. Ndani mlikuwa na daftari la mishahara na mikataba ya ajira mitatu. Kila mkataba ulikuwa na nakala mbili, na zote mbili zimefungiwa humo humo. Aliusoma wa juu kwa sauti. "Athanas Ndunguru, mfunga mizigo. Shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Ndivyo alivyokuwa akilipwa?"

Violeth alicheka bila kutaka, kisha akaona aibu mbele ya maiti.

"Laki mbili na nusu, afande. Sote ndivyo. Aliahidi hiki, akalipa kile. Ukiuliza, mwezi ujao. Mwezi ukija, mwezi ujao. Hizo karatasi tuliweka saini mara moja, hatukuziona tena."

Ahadi ni deni, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa Kariakoo.

"Uliondoka saa ngapi jana?"

"Saa kumi na mbili kasoro kumi."

"Ukamwacha na nani?"

"Peke yake. Mzee Athanas aliondoka saa kumi na moja, kichwa kilimuuma. Mteja wa mwisho alikuwa Mama Leticia wa Mbinga. Alilipa akaenda zake gesti. Vitenge vyake nikaviacha mezani, bosi akasema vitafungwa asubuhi."

"Kuna mtu aliyemtishia marehemu?"

Violeth aliutafuna mtandio. "Beno. Alikuwa anamsaidia Mzee Athanas kufunga. Jumanne alidai mshahara wake wote, bosi akamfukuza. Akasimama barabarani akapiga kelele, hizo hela zetu zitakutokea puani! Mtaa mzima ulisikia."

Uledi alifunga daftari kwa furaha. "Huyu yuko wapi sasa?"

"Nasikia anabeba ndoo za samaki Feri."

"Namfuata," Uledi alisema, akainuka kutoka juu ya mzigo.

Nje watu walikuwa wameshajaa. Mfanyabiashara wa duka la pili, mama mmoja wa Kilimanjaro aitwaye Elieshi, alikuwa akilia waziwazi, maana marehemu alikuwa mtu wa kwao Rombo. "Msibani na kanisani alikuwa wa kwanza kuchanga," alimwambia Klara. Kisha akajifuta uso, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila kwa wafanyakazi wake, Mungu amsamehe tu. Nilimwambia, Severine, mimi nawalipa wangu tulichoandikiana na bado nakula. Akanicheka."

Kando yao, kwenye ngazi, alikaa mzee mrefu mwenye mabega yaliyopinda kwa kuinamia mizigo. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Wewe ndiye Mzee Athanas? Shikamoo. Mimi ni Inspekta Haule."

"Marahaba. Haule wa wapi?"

"Litembo, Mbinga."

Uso wa mzee ulifunguka. "Basi wewe ni mwanangu kabisa. Pole na kazi."

"Jana uliondoka saa ngapi, baba?"

"Saa kumi na moja. Kichwa."

"Hukurudi?"

"Nirudi kufanya nini?"

Klara hakumuuliza zaidi. Tuseme ukweli, hakutaka. Miaka kumi na tisa kazini, na bado mtu wa nyumbani akimwita mwanangu, kalamu inakuwa nzito.

Kabla ya saa nne Beno alikuwa kituoni, ananuka samaki mwili mzima. Alikuwa na miaka thelathini na miwili na macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Jana saa kumi na mbili jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu, Buguruni."

"Na nani?"

"Na njaa."

"Jibu vizuri!" Uledi alifoka.

"Nimejibu, afande. Mke wangu yuko kwao, anajifungua wiki hii. Nilikuwa peke yangu."

"Ulisema hela zitamtokea puani," Klara alisema.

"Nilisema. Na nilitaka zimtokee. Lakini nilitaka zimtokee akiwa hai, nione. Mtu akifa nitamdai nani?"

"Nyoosha mikono."

Viganja vilikuwa na michubuko ya kamba, mipya na ya zamani. Uledi alimtazama Klara kama aliyeokota noti barabarani.

"Mfunga mizigo gani hana mikono hii?" Beno aliuliza. "Mkaangalie na ya Mzee Athanas."

Mkuu wa kituo hakutaka hadithi ndefu. Aliisikiliza taarifa akiwa amesimama, kofia mkononi. "Katishia mbele ya watu. Hana shahidi. Mikono ina alama za kamba. Unataka nini tena, Haule? Saa kumi afunguliwe mashtaka ya mauaji."

Mauaji hayana dhamana. Klara aliwajua watu walioingia rumande wake zao wana mimba, wakaja kutoka mtoto anasoma. Saa tano kasoro alirudi Mchafukoge, Uledi nyuma yake ananung'unika.

Mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Violeth alikuwa mlangoni, simu imekaa mbali kidogo na sikio kwa sababu aliyekuwa upande wa pili alikuwa akipiga kelele.

"Ni Mama Leticia," alisema. "Anadai mzigo wake. Nimemwambia kuna msiba, anasema anaelewa, lakini basi halina msiba. Nurdin amekuja kuuchukua."

Nurdin, kuli wa miaka mingi wa mitaa ile, aliegesha mkokoteni, akampa mkono Uledi, akausogelea ule mzigo wa mlangoni. Aliinama, akashika chini, akasita. Kisha akacheka kwa sauti.

"Eeh! Leo bosi kalala wapi? Masikio manne!"

Hakuna aliyecheka naye.

"Nurdin," Violeth alisema, "bosi kafa."

"Jamani! Inna lillahi... Mnisamehe, ndiyo kwanza natoka mtaa wa Gerezani, sijasikia."

"Ulisema nini kuhusu masikio?" Klara aliuliza.

"Yako manne, afande. Tazama mwenyewe. Mawili juu, mawili chini. Miezi minane sijaona mzigo wa namna hii ukitoka stoo hii, tangu waandike lile tangazo. Huu ni mkono wa Mzee Athanas. Ndiye peke yake aliyekuwa akituonea huruma. Alikuwa anasema kuli naye ana mgongo."

"Beno je?"

"Beno kaja baada ya tangazo. Ya chini hajui hata kuyakunja."

Klara alisogea karibu. Aliutazama mzigo. Aliitazama meza tupu.

"Violeth. Vitenge vya Mama Leticia uliviacha wapi jana?"

"Pale mez..." Mkono wa Violeth ulibaki hewani. "Havipo."

"Uliwahi kuuona mzigo huu jana umeshonwa?"

"Hapana. Mama yangu! Hapana."

Koplo Uledi alikumbuka alichokikalia tangu asubuhi. Alijipangusa suruali kwa nyuma, taratibu.

Mtaalamu aliitwa tena. Aliukata mshono kwa mkasi, akaacha mafundo yote kama yalivyo. Ndani mlikuwa na vitenge vya Mama Leticia, na juu yake risiti ya mashine: saa kumi na moja na dakika arobaini na moja jioni. Kisha akaikagua kamba ya bluu kwa kioo cha kukuzia, pima kwa pima. Kwenye sikio la nne, chini kabisa, alisimama.

"Afande. Hapa kuna damu kidogo na ngozi. Maabara watathibitisha, lakini mimi naona upana ni ule ule wa shingoni."

"Silaha ilikuwa inakwenda Mbinga," Uledi alinong'ona, "na nimeikalia mimi!"

"Hebu niambie, koplo," Klara alisema. "Mtu gani anafunga masikio manne chini ya tangazo linalosema mawili?"

Uledi alifikiri. "Mtu asiyeogopa kukatwa."

"Ndiyo. Mtu aliyejua kwamba wa kumkata ameshakufa."

Alilisema hilo bila furaha yoyote.

Mzee Athanas aliletwa stooni saa saba. Klara alikuwa amepanga mezani vitenge vingine, kiroba kipya, kamba, na shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba unifungie mzigo."

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha mikono ikaanza yenyewe. Ilipanga, ikakandamiza, ikashona mdomo wa kiroba kwa mishono ya sare. Ikafunga sikio la kwanza. La pili. Halafu ikashuka chini, ikakusanya pembe ya tatu, na hapo ikasimama.

"Malizia tu," Klara alisema. "Huu ni wa polisi, hakuna wa kukukata. Jana uliyafunga yote manne."

Mzee hakusogea.

"Beno yuko mahabusu, baba. Saa kumi anafunguliwa mashtaka ya kumuua Severine."

"Beno?" Shazia ilianguka. "Beno kafanya nini? Mke wake si anajifungua?"

"Ndiyo."

Athanas alivuta kiti kile kile alichofia mwenzake, akakikalia, akaweka mikono mezani.

"Andika," alisema. "Mimi ndiye."

Klara alimpa onyo kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema chochote, kwamba atakalolisema linaweza kuwa ushahidi mahakamani, kwamba anaweza kumwita wakili au ndugu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu sina, ndiyo maana tuko hapa. Andika."

Uledi akaandika.

"Nilipopata kazi hii niliwapigia simu nyumbani. Mke wangu na mwanangu Benjamini. Nikawaambia, laki nne na nusu! Nimeshaweka saini! Mke wangu alipiga vigelegele, jirani wakasikia. Mwezi ulipoisha nikapewa laki mbili na nusu. Nikasema, bosi, ilikuwaje? Akasema, mzee wangu, mambo yakikaa sawa nitakujazia. Hayakukaa sawa miaka miwili. Kule nyumbani wakapiga hesabu. Huyu baba zake nyingine zinakwenda wapi? Wakapata jibu. Ana nyumba ndogo Dar."

"Hukuwaambia ukweli?"

"Niliwaambia. Wakasema lete karatasi. Karatasi nilikuwa nayo? Iko kwenye droo ile." Alinyoosha kidole bila kugeuka. "Mke wangu kafa Machi. Kafa hasemi na mimi. Shemeji zangu waliniambia kaburini kwamba marehemu alikufa na kinyongo cha mwanamke wa Dar. Na unajua Severine alifanya nini? Alichanga laki moja msibani, mbele ya watu, jina likasomwa. Laki moja! Kutoka kwenye zangu!"

Alipiga meza, na mafungu ya vitenge yakatikisika.

"Nikarudi nikamwambia sasa nakwenda kushtaki. Akasema waziwazi, mshahara wako ndio huo, usipotaka acha. Nikamuuliza mtu anayejua mambo ya kazi, akaniambia una siku sitini za kushtaki, tangu alipokukatalia. Severine aliposikia, akageuka asali. Alinishika mikono yote miwili. Mzee wangu, sisi ni ndugu, usinipeleke kwenye ofisi za watu, nivumilie mwisho wa mwezi huu. Ukaja wa pili. Nikamwamini. Lakini siku nilikuwa nazihesabu."

Klara alitazama vijistari ukutani. Asubuhi alidhani ni hesabu ya mizigo. Sasa alivihesabu. Vilikuwa sitini na kimoja.

"Jana ilikuwa ya sitini na moja," Athanas alisema. "Aliniambia njoo Violeth akishaondoka. Nikakaa Mnazi Mmoja nikingoja. Nilirudi kuomba, mwanangu, sikurudi kuua. Akatoa ule mkataba, akanionesha namba kwa kidole. Nne, tano. Akasema, siku zimepita mzee, sasa hii ni ya kufungia maandazi. Akacheka. Akaurudisha, akafunga droo, akanigeuzia kisogo. Akaniambia nikifunge kile kiroba cha Mbinga kabla sijaondoka, na nisimalize kamba."

"Ukafanya nini?"

"Nikafunga. Nikaanza na shingo. Mguu kwenye mgongo wa kiti, nikavuta, kama robota. Nilimsikia mpaka mwisho. Sikuwa na haraka."

Kalamu ya Uledi ilisimama.

"Andika, koplo," Klara alisema. "Halafu, baba?"

"Halafu nikaona vitenge vya Mama Leticia viko wazi. Mzigo haulazwi mdomo wazi, hiyo ndiyo kazi. Kamba ilikuwa mkononi. Nikashona, nikafunga."

"Kwa nini masikio manne?"

Kwa mara ya kwanza Athanas alitabasamu.

"Nilikuwa sina bosi tena."

"Na leo ukaja."

"Nilivaa shati la misa. Nilitaka nimwone anavyotolewa. Nimemwona."

Klara alivuta pumzi. "Siku ya sitini na moja mlango ulikuwa bado haujafungwa, baba. Sheria inaruhusu kuomba uongezewe muda ukiwa na sababu. Kudanganywa namna ile ungeweza kuieleza kama sababu."

Mzee aligeuka akavitazama vijistari ukutani.

"Ningejua," alisema, kisha akatikisa kichwa kwa hasira. "Hata hivyo. Alicheka."

Beno aliachiwa saa tisa. Klara alimkabidhi nakala ya mkataba wake mkononi. "Umefukuzwa Jumanne. Una siku thelathini za kulalamikia kufukuzwa na sitini za mshahara. Usimpe mtu hata siku moja. Usikae hapa unamlilia Mzee Athanas, nenda kashtaki, tena leo."

Beno alikwenda analia vilevile.

Lilibaki jambo moja. Athanas, pingu mikononi, aliomba simu ipigwe nyumbani. "Sitaki kumwambia mwanangu habari ya kuua. Hiyo ataisikia. Namba ile tu. Msomee ile namba."

"Afande," Uledi alisema pembeni, "ule mkataba ni kielelezo. Ndio utakaoonesha mahakamani kwa nini alimuua."

"Najua. Utasomwa mbele ya watu wote. Kwa nini mwanawe awe wa mwisho?"

Simu iliita mara tano. Klara aliweka sauti ya nje.

"Benjamini Ndunguru? Naitwa Inspekta Haule, polisi Dar. Niko na baba yako."

"Kafanya nini tena huyo?" Sauti ilikuwa baridi.

"Nitakueleza. Kwanza sikiliza. Nina mkataba wake wa kazi hapa. Umeandikwa laki nne na nusu kwa mwezi."

"Naijua hiyo namba. Mama kafa nayo mdomoni."

"Na hili ni daftari la mishahara. Mwezi wa kwanza, amelipwa laki mbili na nusu. Wa pili, laki mbili na nusu. Wa tatu, laki mbili na nusu." Aliendelea kusoma, mwezi kwa mwezi, bila kuruka, mpaka sauti ikamkauka. "Hajawahi kulipwa zaidi ya hapo hata siku moja."

Jogoo aliwika huko Mbinga.

"Lakini," Benjamini alisema hatimaye, polepole, kama mtu anayehesabu kwa vidole, "alikuwa anatuma laki mbili. Kila mwezi laki mbili. Sasa yeye alikuwa anakula nini?"

Athanas alifunika uso kwa mikono, pingu zikagonga paji la uso. Swali lile halikuwa la Klara kulijibu. Aliisukuma simu juu ya meza mpaka karibu na mzee, akampa ishara Uledi, wakatoka nje wote wawili.